Tairi Nne na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, walikuwako mtu na mkewe huko milimani. Mume Gwakisa, mke Atupele. Walikuwa na Landrova kuukuu ya kubebea viazi, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mtoto hawakuwa naye. Walimpata mmoja, wakamkosa. Atupele aliposhikwa uchungu, Gwakisa alimpakia garini ampeleke hospitali, lakini tairi zilikuwa vipara, zimeisha kashata, hazina jino hata moja. Gari likateleza likaingia mtaroni, likashinda humo. Mtoto akazaliwa mtaroni, akafa mtaroni. Gwakisa hakujisamehe.

Sasa Atupele akapata mimba tena. Alifurahi, ila hofu ilizidi furaha.

Akaja mama mkwe wake, Bibi Tusekile, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo alimpenda, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha jioni. Akamuuza. Akamwambia Gwakisa, "Mwanangu, kalivishe gari viatu. Mimi chai ya rangi inanitosha."

Gwakisa akateremka mjini, na Subilaga, dada yake Atupele, akafuatana naye. Wanaume na magari mnawajua. Gwakisa akaangukia tairi za matope, zenye meno makubwa, za kutishia watu. Subilaga, aliyekwisha kuwauliza mafundi, akasema, "Shemeji, topeni hizo zitakwenda. Kwenye lami yenye maji je? Njia yetu ni tope, kisha kokoto, kisha lami, na mvua yetu haina mwezi wake. Chukua za majira yote."

Muuza duka akaingilia, "Chukua mbili mpya za nyuma. Mbele weka zilizotumika, ubaki na chenji." Subilaga akakaa juu ya rundo la tairi, akasema haondoki. "Gari hili linavuta kwa miguu yote. Likivaa viatu visivyolingana litaharibika tumboni. Nne, za aina moja, ukubwa mmoja." Watu wakacheka. Gwakisa akanunua, lakini kwa aibu ile hakusema na shemeji yake tena, hata salamu. Subilaga akayameza.

Siku ikafika. Ilikuwa asubuhi, mvua inamwaga. Topeni gari likashika. Kwenye kokoto likashika. Bondeni wakakuta barabara imechukuliwa na maji. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, katikati ya shamba la kahawa la Ambakisye, kaka yake Gwakisa. Na ndugu hao walikuwa hawasemezani, kwa sababu Gwakisa aliwahi kurudi nyuma na gari hilohilo, akavunja mibuni ya kaka yake, asiombe radhi. Akazima injini, akashindwa kupiga hodi.

Ambakisye akatoka na panga. Akachungulia dirishani, akamwona Atupele anauma kanga. Akaanza kuikata mibuni yake mwenyewe, mbuni baada ya mbuni, imezaa hadi imeinama, akiilaza kwenye tope gari lipite juu. Likapita, likatokea lamini. Hospitali mtoto wa kike akalia, na baba yake akalia kumshinda.

Kijijini kwao mtoto anayezaliwa baada ya msiba hapewi jina na wazazi. Hupewa na mtu aliyemfungulia njia. Huyo humpokea mlangoni, akawa mzazi wake wa pili maisha yote. Siku ya kumtoa nje, wakaja watatu.

Bibi Tusekile akasema, "Bila ng'ombe wangu, gari lingevaa nini? Ninyi mtawaita wengine baadaye. Mimi nataka nimwite huyu jina la mama yangu, kabla sijamfuata."

Subilaga akasema, "Mama, ng'ombe wako alikuwa karibu kuleta tairi za kutuua. Mimi nilizichagua, nikachekwa, nikanuniwa. Na mjue, madaktari wameniambia sitazaa. Wa kumwita mwanangu ni huyu tu."

Ambakisye akasema, "Tairi zenu nzuri, lakini zilisimama mlangoni kwangu. Kahawa nitapanda nyingine. Ndugu nitampanda wapi? Nipeni jina, mimi na Gwakisa tuwe na mtu mmoja wa kumwita pamoja."

Wakamgeukia Gwakisa. Akasema, "Mimi sina mdomo. Yule wa mtaroni aliufunga. Aamue mama yake."

Atupele akasimama kizingitini na mtoto. Mbele yake mikono ya mama mkwe, mikono ya dada, mikono ya shemeji, yote imenyooshwa. Akamtazama huyu, akamtazama yule, machozi yakamtoka, kwa kuwa wote aliwapenda.

Haya, msinikodolee macho mimi, kazi yangu ni kusimulia tu. Je, nani alistahili kumpokea? Na wale wawili watakaorudi na mikono mitupu, mngekuwa ninyi Atupele, mngewaambia nini?