Haki ya Mgongo wa Farasi

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa milima ya Yemeni, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Lubaba binti Thumama. Alikuwa mjane, akiendeleza kazi ya marehemu mumewe ya kufuga farasi na kuwakodisha kwa wasafiri. Watu walimjua kwa jambo moja: akimtazama farasi, kisha akamtazama mtu, alijua kama wawili hao watafika waendako. Wala hakuwa akibahatisha. Alipitisha kiganja juu ya uti wa mgongo, akapima kwa vidole unene wa mfupa chini ya goti, kisha akamtembeza mnyama akiwa na mzigo na kusikiliza pumzi zake.

Katika mji huo alikuwapo mwanachuoni mkubwa, Sheikh Habban bin Murra. Mwenyezi Mungu alimjaalia elimu nyingi na mwili mkubwa. Lubaba alikuwa amehudhuria darsa zake nyuma ya pazia kwa miaka kumi, na sheikh huyo ndiye aliyemsalia mumewe alipofariki.

Ikatokea koo mbili za jangwani zikagombania kisima, zikaapa kwamba asipopatikana mwamuzi ndani ya siku saba, zitakutana kwa panga. Watu wa mji wakamwomba Sheikh Habban aende, naye akakubali. Lakini farasi wote walikuwa wamechukuliwa na msafara wa mahujaji. Kwa Lubaba alibaki farasi jike mmoja wa kijivu, mwepesi, mwenye mifupa myembamba.

Sheikh akaja na wanafunzi wake, nao wamebeba sanduku la vitabu. Lubaba akaomba radhi, akamsihi apande pamoja na sanduku na kuzunguka uwanja mara kumi. Mzunguko wa nne, farasi akaanza kutanua miguu ya nyuma. Mzunguko wa saba, mgongo ukabonyea na pumzi zikawa fupi. Lubaba akayaona yote hayo, na neno likamjia kinywani likarudi. Angemwambiaje mwalimu wake, mbele ya watu, kwamba ni mzito? Na kama angenyamaza, ni nani angemlaumu? Akamkumbuka Mola wake, moyo ukatulia.

Akasema kwa sauti ya utaratibu kwamba farasi huyu hubeba magunia mawili ya shayiri akatembea kama hana kitu, na gunia la tatu humyumbisha. Sheikh, tandiko na sanduku lile, kwa pamoja, ni magunia matatu na zaidi. Siku ya tatu, penye kupanda mlima, farasi ataanguka.

Mwanafunzi mmoja akakasirika. "Huyu ni walii wa Mungu. Baraka zake ndizo zitakazombeba farasi."

"Baraka za sheikh wangu sina shaka nazo," akajibu Lubaba. "Lakini mgongo huu unabeba nyama, mifupa na mbao."

Sheikh Habban akateremka. Akamtazama farasi aliyekuwa akitweta, akauliza, "Una hakika, binti yangu?"

"Nina hakika, sheikh wangu. Ungeniuliza habari ya sala, ningenyamaza nikusikilize wewe. Umeniuliza habari ya farasi."

Wanafunzi wakainamisha nyuso. Sheikh akauliza afanyeje. Lubaba akamwambia aliache sanduku, apande penye tambarare tu, na penye kupanda na kuteremka atembee kwa miguu. Kila kituo amvue farasi tandiko na kumpapasa mgongo. Akiona ngozi inasinyaa kwa maumivu, siku hiyo asimpande tena. Wanafunzi wakalalamika kwamba atachelewa. Sheikh akafungua sanduku kwa mkono wake, akatoa msahafu tu, akaondoka peke yake.

Safari ilikuwa ya mashaka kwa mtu wa umri wake. Milimani alipumzika kila baada ya hatua hamsini, na viatu vikakatika. Alifika siku ya saba, jua limekwisha kupinduka, na wanaume wa koo mbili wamejipanga kando ya kisima. Hawakuwa wakimtaka mwamuzi wa mjini, kwani walidhani atampendelea mwenye ngamia wengi. Ndipo walipomwona mzee mnene, miguu ina damu, akiteremka huku akimwongoza farasi mzima mwenye tandiko.

Mzee wao mmoja, Jundub, akamuuliza kama farasi ni mgonjwa.

"Si mgonjwa," akasema sheikh. "Penye mlima huu, kutopandwa ni haki yake."

Jundub akawageukia watu wake. "Aliyeona haya kumdhulumu mnyama pasipokuwa na shahidi, hatatudhulumu sisi. Rudisheni panga."

Wakaketi, akawaamua, na pande zote mbili zikaridhia. Inasemwa kwamba tangu siku hiyo, kila Sheikh Habban aliposomesha mlango wa haki za wanyama, alianza kwa kusema mbele ya wanafunzi wake wote, "Jambo hili nimelipokea kwa Lubaba binti Thumama."

Enyi ndugu, ukweli ulio mzito zaidi ni ule tunaomwambia tumpendaye. Lubaba hakumvunjia mwalimu wake heshima. Alimwepusha na dhuluma asiyoijua. Naye mwalimu hakupungukiwa na kitu kwa kuteremka. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na atujaalie sisi ndimi zao na masikio yao.