Asali ya Wenyewe

Ndugu zangu, hebu mfikirieni mjane mmoja aliyeachiwa na mumewe shamba la maboga, na pembeni mwa shamba hilo mzinga mmoja wa nyuki.

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kurina asali alirudi nyumbani ananuka moshi, shavu limevimba, anacheka peke yake. Lakini hakuwahi kuumaliza mzinga. Kila mara aliacha masega ndani, na mkewe akiuliza mbona hakuleta yote, alijibu, "Ile ni ya wenyewe." Basi. Mkewe, mtoto mgongoni na ugali jikoni, hakuuliza zaidi.

Baada ya kumzika, shemeji yake akaja kumsaidia kurina.

"Bakiza kidogo, shemeji," mjane akasema. "Marehemu alikuwa anaacha ya wenyewe."

Shemeji akashusha ndoo. "Wenyewe gani? Si mizimu hiyo! Wewe umeokoka, halafu unataka kuilisha mizimu asali?"

Mjane akaona haya. Wakaomba, wakakemea, wakakomba mzinga mpaka ndani kukawa peupe. Nani kati yetu asingeitikia Amina?

Kiangazi kikaja, mzinga ukanyamaza. Mvua ziliponyesha, maboga yakatoa maua ya manjano shamba zima. Mjane akaenda kuyatazama asubuhi, kama zamani alipokuwa akimpelekea mumewe uji. Enzi zile kila ua lilikuwa linavuma, kama watu wanaosali kwa sauti ya chini. Sasa, kimya. Vile viboga vidogo nyuma ya maua vikawa vinanyauka na kudondoka kimoja kimoja. Na hicho ndicho chakula cha watoto cha mwaka mzima!

Akakumbuka mumewe aliwahi kumwonyesha ule unga wa ndani ya ua, kwamba bila huo boga halishiki. Akachuma ua moja, akawa anainama, anapaka hili, anapaka lile. Jua likapanda, maua yakajifunga, hajamaliza hata tuta moja.

Shemeji akapita njiani, akaangua kicheko. "Shemeji! Siku hizi umekuwa nyuki? Kesho tutakukuta unaruka! Iache kazi hiyo, ina wenyewe."

Mjane akainuka, ua bado mkononi. "Umesemaje?"

"Nimesema kazi hiyo ina wenye..."

Hakulimaliza neno. Wote wawili wakageuka, wakautazama mzinga.

Ndugu zangu, yule marehemu hakulisha mizimu. Aliwaachia chakula cha kiangazi wale waliompa maboga. Na sisi je? Kukemea tunajua sana. Lakini yuko mama anayedeki kanisa hili kabla hatujafika. Yuko binti wa kazi aliyebaki jikoni kwako sasa hivi, wakati wewe unaimba hapa. Hao ndio wenyewe wetu. Tunawakomba mpaka peupe, na mdomoni tuna Amina.

Mjane yule aliusafisha mzinga, akaupaka nta kidogo aliyoikuta kwenye sufuria, harufu yake iwaite nyuki, akautundika tena. Kila asubuhi anasimama kando ya maua, anatega sikio. Bado kimya.

Leo ukifika nyumbani na chakula kikiwa mezani, kabla hujanawa mikono, uliza: ya wenyewe iko wapi?