Mgeni Aliyejikuna Bustanini

Haya, sogeeni jamvini. Mdomo wangu, masikio yenu.

Paliondokea Bi Mize, mtunga vikuba vya maua, na bintiye Subira, mchumba wa watu. Harusi ikikaribia, wadudu weusi wakavamia asumini za Bi Mize. Jioni akaja mgeni mwenye nywele ndefu, akapita bustanini akijikuna.

"Nipe Subira nikuponyee maua."

"Sitoi!"

Kesho yake akapita, akajikuna. "Nipe Subira."

"Sitoi!"

Wadudu wakazidi, yakabaki matumba ya kikuba kimoja tu.

Siku ya tatu akapita, akajikuna. Lo! Bi Mize akawaona wadudu wakidondoka kutoka nywele zile. Kumbe ni zimwi! Lakini akatabasamu.

"Bwana harusi kwetu huoshwa miguu. Wewe nitakuosha hata kichwa. Inama, mwanangu."

Zimwi, kwa raha ya kuitwa bwana harusi, likainama. Akalimwagia chungu kizima cha maji ya mwarobaini. Likapiga ukelele, likanywea, likanywea, likawa mdudu. Bi Mize akalikanyaga.

Subira akaolewa, kikuba kifuani. Tangu hapo, ua likiliwa, wenye bustani huuliza kabla ya kutafuta dawa: "Nani kapita hapa?"