Mzizi Uliomfikia Nakijwa Mara Mbili

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali zamani ya juzi, ambayo baadhi yenu mliiona kwa macho, palikuwa na ndugu wawili wa kike wa tumbo moja katika milima ya Upare. Mkubwa aliitwa Nakijwa, mdogo aliitwa Mkunde. Mama yao alifariki mapema. Nakijwa, naye akiwa msichana tu, akambeba Mkunde mgongoni, akampikia, akamsuka, akamwogesha. Mkunde alipokua hakuwa na mama mwingine wa kumkumbuka ila huyo dada.

Nakijwa akaolewa na Mcharo, fundi mwashi, mtu wa maneno machache. Siku moja Nakijwa alipokuwa anaoga mkono ukagusa titi, mkono ukasimama. Palikuwa na kitu kigumu kama punje ya hindi. Akanyamaza. Punje ikawa kokwa. Akanyamaza. Kokwa likawa jiwe, ngozi ikapasuka, na harufu ikasema kile alichokuwa anakificha.

Wakampeleka kwanza kwa Sekiete. Huyu Sekiete alikuwa mganga wa mizizi, si wa ramli. Mti wake mkuu ulikuwa mrosho, wenye mizizi ya njano na uchungu wa kukunja uso. Aliliangalia lile titi, akalifunika kwa kanga taratibu.

"Hili limenizidi," akasema. "Mrosho unaweza kulilegeza, hauwezi kuliua. Mteremsheni hospitali."

Wakamteremsha. Huko bondeni kulikuwa na Daktari Elinami, mwanamke wa milima hiyohiyo. Miaka ya nyuma alipanda kwa Sekiete, akakaa jikoni kwake, akala makande yake, akaondoka na gunia la mizizi ya mrosho kwenda nalo maabara. Sasa alikuwa na dawa mpya, na alikuwa anaijaribu kwa wagonjwa waliokubali.

"Kansa ni ngumu," akamweleza Nakijwa, Mkunde akiwa amesimama pembeni mwa kitanda. "Dawa ya dripu inaipiga, yenyewe inajikaza. Ndani ya mrosho kuna kitu kinachoilegeza. Tumekitoa, tumekitia ndani ya vifuko vidogo mno, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Wanaviita chembe za nano. Vinasafiri ndani ya damu mpaka kwenye uvimbe, vinafunguka hukohuko. Kisha dripu inaikuta kansa imelegea."

"Kwa hiyo ni mrosho wetu?" Mkunde akauliza.

"Ni mrosho wenu," daktari akasema, akatabasamu.

Halafu akageuka, akapaza sauti wodi nzima imsikie. "Lakini dawa za kienyeji humu ndani, marufuku! Nikimkuta mtu na chupa ya mizizi, yeye na mgonjwa wake watarudi kwao."

Kwa nini marufuku, hakusema.

Dawa ikafanya kazi. Kidonda kikaanza kukauka, harufu ikapungua. Kitanda cha pili alilala Mama Zuhura, mwanamke wa tambarare, naye alikuwa kwenye dawa hiyohiyo, naye alikuwa anapata nafuu. Wawili hao wakawa wanataniana kwa vichwa vyao visivyo na nywele.

"Wewe umefanana na boga."

"Na wewe je? Boga lililoanguka."

Lakini dripu haina huruma. Nakijwa alitapika mpaka nyongo. Kucha zikawa nyeusi. Mkunde alimshika paji la uso, akaona mwili uliombeba utotoni umekuwa mwepesi kama pakacha, akaogopa. Akapanda mlima.

"Mzee Sekiete," akasema, "kinachomponya dada ni mrosho wako. Daktari mwenyewe kasema. Wanampa tone tu, nalo wamelificha ndani ya vifuko. Kama tone linakausha kidonda, kikombe je?"

Uso wa Sekiete ukang'aa. Tangu daktari aondoke na lile gunia, hakuna aliyerudi kumwambia neno. Sasa alisikia kwamba mti wake uko hospitali, unaponya watu. Baba yake alimfundisha kwamba mrosho hauna mwenzake, haunywewi pamoja na dawa nyingine. Aliyakumbuka maneno hayo. Akayasukuma kando, kwa maana kama mrosho umekwisha kukutanishwa na dawa ya hospitali na watu wanapona, basi labda baba alikosea. Akachemsha. Akamimina kwenye chupa ya chai.

Mkunde akaiingiza wodini ndani ya kikapu, chini ya bakuli la uji. Nakijwa akanusa, akajua.

"Daktari alikataza, mdogo wangu."

"Alikataza mizizi ya waganga wa mjini, dada. Huu ni uleule anaokupa yeye. Kunywa kwa ajili yangu."

Nakijwa akamtazama mdogo wake. Akanywa. Kesho yake akanywa tena. Akaendelea hivyo, na kwa siku chache akasema anajisikia vizuri, labda kwa kweli, labda kwa kumfurahisha aliyeileta.

Kisha macho yake yakawa ya njano.

Daktari Elinami akaja mbio. Akamfunua kope, akambonyeza ubavuni. "Mama, niambie. Umekunywa kitu chochote?"

Mkunde alikuwa amesimama palepale, chupa iko ndani ya kikapu miguuni pake. Nakijwa hakumtazama. Alimtazama daktari usoni.

"Hapana," akasema. "Sijanywa kitu."

Daktari akaamini. Akatafuta ugonjwa mwingine, akapoteza muda kwa ugonjwa usiokuwepo, na dripu iliyofuata akaiacha iingie kama ilivyopangwa. Nakijwa akavimba tumbo, akaanza kuongea na mama yao aliyekufa, akafa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mkunde.

Wakamzika. Na huko hospitali wakubwa wakakaa, wakasema vile vifuko vya nano ndivyo vilivyoua ini la mgonjwa. Dawa ikasimamishwa. Kwa wote.

Mkunde alipokwenda na Mcharo kuchukua kanga za dada yake, Mama Zuhura alimshika mkono.

"Mwanangu, wametunyima ile dawa. Wanasema ndiyo iliyomwua dada yako. Ni kweli?"

Mkunde alitaka kusema. Akamwona Mcharo amesimama mlangoni anamsubiri, macho mekundu, kanga za mkewe zimekunjwa kifuani.

"Sijui, mama," akasema.

Akarudi mlimani na neno hilo. Alilila na ugali, alilisaga na mahindi, alilikuta ndani ya ndoo ya maji. Mwezi ukaandama, ukafa. Asubuhi moja akavaa, akateremka bila kumuaga mtu. Alipofika wodini, kitanda cha Mama Zuhura kilikuwa na mwanamke mwingine. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Elinami, akamwambia kila kitu, kuanzia chupa mpaka uji.

Daktari akafunika uso kwa viganja. "Mzizi mzima wa mrosho unalishika ini," akasema. "Ini likishikwa haliwezi kuitoa dripu mwilini, sumu inarundikana. Ndiyo maana tulikitoa kile kitu peke yake, tukakitia kwenye vifuko. Tuliliona jambo hili kwa panya, zamani."

"Zamani?" Mkunde akauliza. "Na hukusema?"

Dawa ikarudishwa. Wagonjwa wengine wakaipata, na wako waliopona. Mama Zuhura hakuwa miongoni mwao.

Ikabaki nyumba ya Mcharo. Katika ukoo wao, mtu akifa kwa mkono wa mtu, hata mkono wa upendo, nyumba yake hutakaswa kwa mbuzi. Mbuzi ni mmoja, kamba ni moja, na anayeishika ni mwenye kosa peke yake. Akishikana na mwenzake, utakaso haupo. Bila utakaso, mume aliyefiwa haruhusiwi kuwasha moto katika nyumba ile. Mzee Kangero, baba yake Mcharo, akawaita wote uani. Hata Daktari Elinami alipanda mlima, mara ya kwanza tangu siku ya gunia.

Mkunde akasimama kwanza. "Nipeni mimi. Niliibeba chupa, nikamwambia anywe kwa ajili yangu. Aliponitetea, nikanyamaza. Alipokufa, nikanyamaza tena, na Mama Zuhura akaondoka na kimya changu."

Sekiete akainua mkono. "Binti huyu hakujua. Mimi nilijua. Baba yangu aliniambia mrosho hauna mwenzake. Nikalewa sifa, nikachemsha. Kamba ni yangu."

Daktari Elinami akasema, "Mzee alijua nusu, mimi nilijua yote. Nilikula makande yake, nikachukua mizizi yake, nikashindwa kupanda kumwambia nilichokiona. Wodini nilitisha watu badala ya kuwaeleza. Nakijwa alinidanganya kwa sababu mimi nilimfanya aogope ukweli. Nipeni kamba."

Shangazi mmoja akanong'ona, lakini kila mtu alimsikia. "Na marehemu je? Aliambiwa marufuku, akanywa. Akaulizwa, akakana. Angesema neno moja angekuwa hai."

"Alikana ili mdogo wake asifukuzwe!" Mkunde akapiga kelele.

"Hata hivyo alikana."

Watu wakageuka kumtazama Mcharo. Yule mtu wa maneno machache aliinama, akaokota changarawe, akaitupa.

"Niliiona ile chupa," akasema. "Niliona shemeji anaificha chini ya bakuli la uji. Nikasema moyoni, haya ni mambo ya wanawake, na mke wangu anapata nafuu. Sikuuliza."

Mzee Kangero alitazama nyuso zile, moja baada ya nyingine, akaingia ndani na kamba mkononi, akafunga mlango.

Mpaka leo mbuzi hajaletwa. Mcharo anapika kwa jirani, na nyasi zimeota mlangoni pa Nakijwa. Watatu wameiomba ile kamba, na hakuna aliyepewa.

Nanyi mliokaa hapa mkasikia yote, msiniambie wote wana kosa, maana kamba ya wote haipo. Kuna Mkunde aliyebeba, Sekiete aliyechemsha, Elinami aliyejua asiseme, Mcharo aliyeona asiulize, na Nakijwa mwenyewe aliyesema hapana. Je, nani aliyestahili kuishika?