Kisima Chenye Kufuli

Wahenga waliosema nyumba njema si mlango hawakuwa na ugomvi na maseremala. Walijua tu kwamba mtu mwenye shida ya makao akiuona mlango mzuri, moyo wake huingia ndani kabla ya miguu, na moyo ukishaingia ni kazi kuutoa. Anayebisha na amsikilize Marlène.

Marlène alikuwa mchuuzi wa dagaa na vitenge, mzaliwa wa Kilwa, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru. Vita vilipoanza mwaka 1998, alimvusha mama yake, Emilienne, wakapanga chumba Nchelenge, upande wa Zambia. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka. Kila asubuhi alimtazama binti yake akishuka ziwani na ndoo, na kila asubuhi alisema, "Nimekuwa muzigo kwako, mwana yangu." Maneno hayo yalimkata Marlène maini. Ndipo akauza mtumbwi wake pamoja na mashine yake, mali aliyoitolea jasho tangu usichana, akaapa kwamba kabla ya mvua kuanza mama yake atakuwa na nyumba yenye maji uani. Fedha ile ikipotea, hakuwa na nyingine.

Nyumba ya Kasonde, iliyokuwa ikiuzwa, aliipenda tangu barabarani. Mlango wake ulikuwa wa mbao nzito, umepakwa vanishi ukang'aa, na kitasa chake kilikuwa cha shaba. Uani kulikuwa na kisima chenye mfuniko wa saruji na kufuli. Hapo, kwa macho ya moyo, Marlène alimwona mama yake amekaa kando ya kisima hicho, akivuta kamba mwenyewe bila kumwomba mtu.

Na bei ilikuwa ndogo. Sababu haikufichika, kwani ilinguruma ng'ambo ya ua: mitambo ya umeme wa dizeli iliyolisha vyumba baridi vya kampuni moja ya samaki. Sokoni watu waliiogopa mitambo ile kama chui. Huyu alisema italipuka, yule akasema inakausha damu ya wanawake, na wote wakamalizia kwa kusema lisemwalo lipo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikaribia.

Marlène hakuwa mtu wa kununua hofu ya sokoni. Akapiga moyo konde, akaenda kwa Lackson, mlinzi wa mitambo, akamuuliza bila kuzunguka, "Hii mashini italipuka siku moja?"

"Hapana, Mama," Lackson akamjibu. "Tanki ya mafuta iko mbali, na muchanga wa kuzima moto ni huu hapa. Kelele itakusumbua mwanzoni, kisha utazoea."

Alimwambia kweli tupu, na moyo wa Marlène ukatulia. Hata kelele aliisikiliza jioni nzima akaona inavumilika. Tena Kasonde alipewa umeme wa bure kwa sababu ya ujirani, na friji yake haikuzimika kamwe. Kila Marlène alipokwenda kuitazama nyumba, mke wa Kasonde, Eneless, ambaye watu walimwita Bana Bwalya kwa jina la mtoto wake, alimletea Fanta baridi juu ya sahani. Fanta! Kwa mgeni aliyezoea kuonwa mkimbizi, heshima ile ilimlainisha mifupa.

"Balikupa nini ya kunywa?" Emilienne alimuuliza siku moja.

"Fanta tena, Mama. Ni watu wa adabu."

"Na mayi?" mama akauliza, maana maji kwao ni mayi.

Marlène akacheka. "Mama, mutu akupe Fanta, wewe uombe mayi? Utamutukana." Mama yake hakucheka, ila alisema siku ya kulipa naye atakwenda, hata akibebwa kwa baiskeli.

Akabebwa kweli. Siku hiyo fedha zilikuwa zimefungwa katika ncha ya kitenge cha Marlène, na mkono wake haukuondoka hapo. Kasonde aliwakaribisha kwa bashasha. Eneless akaja na sahani yake, chupa mbili zikitoa jasho la baridi.

"Asante, mwana yangu," Emilienne alisema, "lakini Fanta inanijaza tumbo. Unipe mayi tu."

Eneless alimtazama mumewe, akaenda, akarudi na kikombe. Mama mkongwe alionja, akatikisa kichwa. "Haya ni ya ziwa. Mimi nimekunywa ziwa hili tangu nizaliwe, siwezi kulikosea. Nataka ya kisima, ile nitakayokunywa nikihamia."

"Ufunguo umepotea, Mama," Kasonde akasema upesi. "Tunautafuta tangu jana."

Marlène aliona aibu, na kwa muda mfupi aliikasirikia midomo ya mama yake iliyotaka kumharibia nyumba yake. Kisha akamwona Eneless ameinama. Akalifungua fundo dogo kiunoni, akatoa ufunguo.

"Bana Bwalya," mumewe alimwita kwa sauti ya chini.

"Na mimi niko na mama aliyenizaa," Eneless alimjibu, akatoka uani.

Kufuli ilifunguka, mfuniko ukasukumwa, ndoo ikashuka na kupanda. Juu ya maji palielea utando uliong'aa rangi rangi. Marlène hakuhitaji kuonja. Harufu ile aliijua kuliko marashi yake mwenyewe: ilikuwa harufu ya mashine ya mtumbwi wake, ule aliouuza ili apate kisima hiki. Machozi yakamlenga.

"Watu wa mitambo banamwaga mafuta machafu katika shimo nyuma ya ua, tangu zamani," Eneless alisema. "Yametambaa chini kwa chini. Sisi tunachota ziwani."

Marlène alimgeukia Kasonde. Alitaka kumtukana, lakini mtu yule alikuwa ameketi kizingitini mwa mlango wake mzuri, amejishika kichwa.

"Aliyeniuzia mimi alininywesha bia," Kasonde alisema. "Sikuomba maji."

Marlène alikaza upya fundo la kitenge chake, akamshika mama yake mkono, wakaondoka polepole kwa mwendo wa magoti yale.

Mvua ya kwanza iliwakuta bado katika chumba cha kupanga. Ya tatu iliwakuta kwa Kabaso, mvuvi aliyewauzia vyumba viwili vyenye mlango wa mabati ya madebe, ambao mpaka leo hauna bawaba na huinuliwa kwa mikono miwili. Kabla hawajataja bei, Emilienne aliomba maji. Kabaso aliyateka mbele yao, akampa katika kikombe kilichopasuka ukingo, bila kuomba radhi.

Sasa mama huketi kando ya kisima chake asubuhi, akivuta kamba, na neno mzigo hajalitamka tena. Eneless naye hupita hapo na ndoo zake, kwa kuwa Marlène alimwambia asihangaike kwenda ziwani. Akifika huweka ndoo chini na kumsaidia Marlène kuuinua mlango ule mbovu, na wote wawili hucheka. Kweli, nyumba njema si mlango.