Mlinzi wa Ghala la Busonge

Kisa hiki nimetumiwa leo asubuhi. Nilikisoma nimesimama, na tangu hapo sijatulia. Nakuletea nawe. Kisome mpaka mwisho kabla hujaamua uko upande gani.

Palikuwa na nchi ndogo ya wakulima iliyoitwa Busonge, na mtawala wake alikuwa Mtemi Igulwa. Watu wa Busonge walikuwa na ghala moja la nafaka la nchi nzima. Kila kaya, kila mavuno, ilipeleka debe moja la mtama. Ikitokea njaa, mlango hufunguliwa na wote hula.

Mlinzi wa ghala hilo aliitwa Luhende. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ulijue tangu mwanzo. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, njaa iliwaua wadogo zake wawili, akawazika kwa mikono yake. Ghala lilijengwa mwaka uliofuata. Kila alipopita pale mlangoni, ilikuwa lazima Luhende aingize mkono kwenye nafaka, ahakikishe kwamba kweli ipo.

Mwaka mmoja, miezi miwili kabla ya mvua, vita vilizuka katika bonde la Ipungu. Watu wa huko wakaanza kuingia Busonge, kaya ishirini na tatu, wamebeba watoto mgongoni, na vyungu, na mizigo iliyofungwa kwa kamba. Mtemi akawapa mteremko mmoja uliokuwa pori, wajenge na walime.

Ardhi walipata. Lakini watakula nini mpaka wavune?

Hapo ndipo nchi ilipokosa utulivu. Kisimani wanawake walibishana huku mitungi ikifurika. Ndugu wawili waliokuwa wakilima pamoja wakagawana jembe na shamba. Wengine walisema, "Tumbo la mtoto halijui mpaka wa nchi. Wapewe." Wengine wakasema, "Hawajaweka hata punje moja ghalani. Tukiwapa hawa, mwezi ujao watakuja mara tatu yao, na sisi tutakula nini?"

Mtemi Igulwa akaitisha baraza. Hakuweza hata kukaa kitini. Alikuwa akitembea huku na huku mbele ya watu.

"Luhende," akasema, "wewe ndiye unayelijua ghala. Sema."

Luhende akasimama. "Mtemi, mimi siwachukii hawa watu. Lakini ghala ni la waliolijaza. Tuweke sheria: mgeni asile humo mpaka avune mara tatu na alete debe lake mara tatu. Tukiwalisha leo, watazoea. Hawatashika jembe."

Watu wengi wakapiga makofi. Mtemi akaacha kutembea, akamgeukia.

"Nimekubali sheria yako," akasema. "Lakini wewe ndiye utakayekaa langoni pa ghala. Kila atakayekuja kuomba, utamjibu wewe, kwa kinywa chako, ukimtazama usoni. Sitampa mtu mwingine kazi hiyo."

Luhende akakubali. Aliona ni jambo jepesi.

Kesho yake akaja mwanamke mmoja wa Ipungu aitwaye Sekela. Alikuwa mjane, na watoto watatu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nimeambiwa kuna ghala la wenye njaa."

"Ni la wenye njaa wa hapa, mama. Sheria ni mavuno matatu."

Sekela akaitikia kwa kichwa. "Kumbe," akasema. "Haya, baba. Asante kwa kunieleza." Akaondoka bila kulia na bila kutukana, na jambo hilo lilimsumbua Luhende kuliko matusi.

Siku ile walikuja saba. Kesho yake kumi na mmoja. Baada ya wiki mbili hakuja tena mtu.

"Unaona?" Luhende akamwambia mkewe, Nkamba. "Wamejua kujitegemea."

Nkamba alikuwa akipepeta mtama. "Baba Milembe, mtu akiacha kubisha hodi haina maana ameshiba."

Luhende akakasirika, akatoka nje. Akazunguka nyumba, akarudi, akatoka tena.

Huko mteremkoni wageni walikuwa wakifyeka pori. Wengine walifanya vibarua kwa wenyeji wapate uji wa siku moja. Wenyeji wachache waliwapelekea maboga kwa siri. Katika wiki ya sita mtoto mchanga wa mgeni mmoja aitwaye Mwaisaka alikufa. Mama yake alikuwa amekaukiwa maziwa. Habari ilipofika ghalani, Luhende aliingiza mkono ndani ya mtama, akauacha humo mpaka mtu alipomwita.

Kisha mvua ikanyesha.

Busonge yote ikamwagika mashambani. Mvua ya kwanza haisubiri mtu: mbegu ikichelewa siku kumi, mavuno ni nusu. Luhende naye alikuwa shambani kwake, mgongo umelowa, na kutoka pale aliweza kuona mteremko wa wageni. Shamba lao lilikuwa limelimwa vizuri kabisa, matuta yamenyooka, magugu yameng'olewa mpaka mizizi.

Lakini hakuna aliyekuwa akipanda. Watu walikuwa wamekaa kwenye milango ya vibanda vyao, wanaitazama mvua.

Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Na ya tatu. Luhende akatupa jembe, akaenda kwa Mtemi karibu akikimbia.

"Mtemi, njoo uone kwa macho yako! Nilisema mimi! Mvua inanyesha na wao wamekaa. Na hao ndio tuliotaka kuwalisha!"

Mtemi akaja, na wajumbe wa baraza, na watu wengine wengi waliotaka kuona uvivu huo. Wakapanda mteremko kwenye tope. Sekela alikuwa amekaa mlangoni pake. Akainuka na kuwaamkia.

"Mama," Mtemi akauliza, "mmelima shamba zuri namna hii. Mbona hampandi?"

"Hatuna mbegu, Mtemi."

Luhende akadakia. "Mkulima gani anahama bila mbegu?"

Sekela akamgeukia. Sauti yake haikupanda.

"Tulihama nazo, baba. Nyumba zetu tuliziacha zikiungua, lakini mbegu tulizibeba. Kila kaya ilikuwa na mzigo wake. Siku niliyotoka langoni kwako nilifungua wangu, nikachota konzi moja, nikawapikia watoto. Nikasema ni leo tu. Kesho yake nikachota tena. Wote hapa tulifanya hivyo. Tumekula shamba letu lote kabla ya kulipanda."

Mvua iliendelea kunyesha.

"Kwa nini hukuniambia?" Luhende akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ungenijibu nini?"

Hapo Luhende akaanza kupiga hesabu. Laiti wangepewa chakula siku ile walipofika, wangekula miezi michache tu, mpaka mtama wao ukomae. Sasa hawakuwa na mavuno yoyote mbele yao. Wangehitaji kulishwa mwaka mzima na zaidi, au wafukuzwe, au wafe pale mteremkoni mbele ya macho ya watu wote. Aliyetaka kuliokoa ghala ndiye aliyelitia hatarini.

"Wafukuzwe!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na wengine wakaitikia.

Mtemi hakuwajibu. Akamwambia Luhende, "Sheria ni yako. Nifanye nini?"

Luhende aliwakumbuka wadogo zake. Aliijua njaa vizuri kuliko wote waliosimama pale, na bado alikuwa ameileta kwa mikono yake kwenye nyumba ishirini na tatu.

"Niivunje mimi mwenyewe," akasema. "Wapewe mbegu leo hii, mvua haijatuacha. Na wapewe chakula mpaka wavune. Mbegu zianze kutoka kwangu."

Usidhani watu walimshangilia. Mwaka ule ulikuwa mgumu. Wageni walipanda kwa kuchelewa, wakavuna kidogo. Ghala lilishuka mpaka sakafu ikaonekana upande mmoja. Kila kaya ya Busonge ilipunguza chakula, na Luhende alizomewa sokoni na watu walewale waliompigia makofi barazani. Nkamba alikuwa akimkuta amesimama uani na sahani mkononi, chakula kimepoa.

Lakini msimu wa pili wageni walipanda kwa wakati. Walivuna vizuri, na kila kaya ikaleta debe lake bila kuitwa. Mwaisaka alilimwaga lake bila kumtazama Luhende, akaenda zake. Luhende hakumlaumu.

Miaka minne ikapita. Vita vikahamia upande wa kaskazini, na kundi jingine la watu likaonekana barabarani, safari hii la lugha ambayo hakuna aliyeielewa vizuri. Mtemi akaitisha baraza upya. Wageni wa zamani sasa nao walikuwa na haki ya kusema.

Na unajua nani alisimama wa kwanza kuwakataa? Si mwenyeji. Ni Mwaisaka.

"Wangoje mavuno matatu!" akasema, mishipa ya shingo imemsimama. "Mwanangu alikufa tukingoja. Kwa nini wao wasingoje? Kwa nini wao wapewe kile nilichonyimwa mimi?"

Luhende aliinamisha kichwa, kwa maana maneno yale alistahili kuyasikia. Aliyejibu ni Sekela.

"Mwaisaka, kaka yangu," akasema. "Mtoto wao akifa, wako atarudi?"

Mwaisaka akatembea mpaka mwisho wa uwanja. Akarudi. Akaenda tena. Watu walidhani anaondoka. Kisha akasimama, akajifuta uso kwa kiganja.

"Nipeni mtungi," akasema. "Wametoka mbali. Watakuwa na kiu."

Akatangulia kwenda kwenye lango la ghala, ambako watu wale walikuwa wamefika, na Luhende akamfuata na chungu cha uji. Mzee mmoja wa wale wageni wapya alipoona chakula alianza kufungua mzigo wake, akitaka kulipa kwa alichonacho. Ndani yake mlikuwa na mbegu.

Luhende akaweka chungu chini upesi, akamshika mikono, akaufunga mzigo ule yeye mwenyewe, kwa fundo mara mbili.

"Hizi, mzee wangu, usimpe mtu," akasema. "Kula kwanza."

Funzo: Mgeni ukimnyima cha kuanzia kwa kuogopa kwamba atakutegemea daima, ndipo unapomlazimisha kula kile ambacho kingemfanya ajitegemee, na wewe uliyewahi kuumia mlangoni, usiyageuze maumivu yako kuwa sheria ya kumuumiza anayekuja baada yako.