Jaa la Simba na Kucha za Fisi

Enzi zile wanyama walipokuwa wakiitana vikaoni na kugombana kama majirani, mvua iligoma miezi saba. Mito ilikauka, ikabaki chemchemi moja tu chini ya kilima. Simba, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hakuwahi kukosea, akatangaza kwamba taka zisitupwe tena ovyo, zisije zikayaharibu maji.

Likachimbwa jaa kubwa juu ya kilima. Sakafu yake ikatandikwa udongo mwekundu wa mfinyanzi, Tembo akaushindilia mpaka ukawa mgumu kama chungu, ili maji machafu ya taka yasipenye ardhini. Kila alasiri taka za siku hiyo zilitakiwa kufunikwa kwa udongo mweusi, nzi na harufu visipate nafasi. Fisi akajitolea kuifanya kazi hiyo peke yake, bure. Hakuna aliyejiuliza tangu lini Fisi akapenda kazi, na hapo ndipo walipokosea.

Mwezi haukwisha, chemchemi ikaanza kunuka. Kitinda mimba wa Sungura akaumwa tumbo siku mbili. Sungura akapanda kwa Simba kulalamika, akajikuta yeye ndiye mshtakiwa, kwa sababu shimo alimoishi lilikuwa katikati ya jaa na chemchemi.

"Jaa langu halivuji," Simba alisema. "Wewe ndiye unayechimbachimba. Ijumaa uhame na wanao."

Fisi, aliyekuwa amekaa pembeni akijilamba midomo, akaongeza kwa sauti ya huruma kwamba kuishi na sungura kunahitaji moyo.

Sungura alishuka kilima kwa uchungu. Watoto watano, kiangazi kile, angewapeleka wapi? Lakini jambo moja lilimkaa kichwani. Kila mnyama alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, isipokuwa Fisi. Fisi alikuwa na kitambi. Mifupa ilitupwa jaani kila siku, na lazima alikuwa akiificha mahali.

Alhamisi, kwenye kikao cha kumfukuza, Sungura aliinuka akasema hana ubishi, atahama. Aliomba jambo moja tu: jioni hiyohiyo Mzee Tembo alishindilie jaa zima upya, kwa uzito wake wote, mpaka pasiwe na wa kulifukua tena. Simba alipenda sana kusikia jaa lake likifikiriwa namna hiyo, akakubali papo hapo.

Fisi akakunja uso. Akashika tumbo, akaomba udhuru kwamba limemvuruga ghafla. Alitembea polepole mpaka kichakani, kisha akatimua mbio.

Sungura akaanza kuaga. Alimshukuru kila jirani kwa jina, hata wale ambao hawajawahi kumsalimia, mpaka alipoona muda umetosha. Ndipo akaomba wamsindikize akalione jaa kwa mara ya mwisho.

Wakamkuta Fisi kichwa chini, makalio juu, akifukua.

"Unafanya nini humo?" Simba akauliza.

"Nafunika, Bwana mkubwa. Kazi ni kazi."

"Udongo wa kufunikia ni mweusi," Sungura akasema taratibu. "Hebu tuonyeshe kucha zako, kaka."

Fisi akaficha mikono mgongoni, akasahau kwamba amesimama kwenye utelezi. Akaanguka chali, miguu yote minne hewani, myekundu hadi viwikoni. Kando yake likaonekana tundu alilolitoboa sakafuni. Humo aliweka mifupa yake ya mwezi mzima, mahali pa baridi isiharibike, na humo maji meusi ya taka yalikuwa yakitiririka kuelekea kwenye chemchemi.

Simba akakohoa. Akasema yeye alishamshuku tangu mwanzo. Hakuna aliyecheka, walau si mbele yake.

Sungura akabaki nyumbani kwake. Tembo akaiziba sakafu kwa udongo mpya, Fisi akiubeba mgongoni. Wengi walitaka Fisi afukuzwe, lakini Sungura akasema kazi ileile aendelee nayo, kwa sharti moja: kila asubuhi, kabla mtoto yeyote hajagusa maji ya chemchemi, Fisi anywe kwanza, kata nzima, wote wakimtazama.

Siku za mwanzo maji yalikuwa bado yananuka, naye aliyanywa. Tangu hapo taka hufunikwa mapema, na udongo anaoumwaga Fisi ni mara mbili ya ule aliotakiwa.